Kikohozi cha Kaka

Siku ya kumi baada ya dripu ya pili, Mama Pazia alipewa karatasi ya maabara yenye mstari mmoja uliozungushiwa wino mwekundu. Muuguzi wa wodi ya saratani, mwanamke mnene aliyebana saa yake kifuani kwa pini, aliigeuza karatasi ili waione wote wawili.

"Hizi ni zile chembe nyeupe zinazopigana na wadudu," alisema. "Zako leo ni sifuri nukta nne. Mtu mzima anatakiwa avuke mbili. Dawa inaifyeka saratani, lakini haichagui, na hizi nazo imezipitia. Zitarudi. Ila kwa wiki hii, mama, nyumba yako haina mlinzi."

"Sawa," alisema Mama Pazia.

"Umenielewa vizuri?"

"Nimeelewa."

Muuguzi alimtazama kidogo. Alikuwa amezoea wanaolia, wanaouliza maswali kumi kwa mpigo, hata wanaogomba. Huyu wa "sawa" hakujua amshike wapi. Akamgeukia mume.

Mume alikuwa fundi wa mafriji, na watu walimwita Baridi, yeye mwenyewe akiitika. Alitoa kijitabu mfukoni na kuandika kila neno. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote chake. Chakula kiive, kiliwe cha moto, kiporo hapana. Mboga mbichi hapana. Tunda lisilomenywa hapana. Mswaki uwe laini. Mtu mwenye mafua au kikohozi asimsogelee. Na joto lake lipimwe asubuhi, mchana na jioni.

"Likifika thelathini na nane," muuguzi alisema, akagonga meza kwa kidole, "msimpe kidonge cha kutuliza, kitaificha homa tu. Msisubiri muone kama litashuka. Mje hapa ndani ya saa moja, mwonyeshe kadi hii mlangoni, msipange foleni. Hata kama anasema yuko salama."

"Hilo la joto niachie mimi," alisema Baridi. "Ndiyo kazi yangu."

Mama Pazia alikuwa na miaka arobaini na minane. Kwa miaka ishirini na miwili alishona mapazia ya watu, na jina lake la kwao lilikuwa limesahauliwa hata na wapangaji wa nyumba ya jirani. Aliingia nyumba za matajiri na za makapera akiwa na futi kamba shingoni, akapima dirisha, akasema pazia hili litakula mita nane, na hakukosea. Siku daktari alipomwambia kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni saratani, aliuliza aje siku gani. Aliandika tarehe, akaenda kumalizia marinda ya pazia la mteja. Majirani walisema mwanamke huyu ana moyo wa chuma. Yeye alijua si chuma. Kulikuwa na kitu kimefungwa ndani yake, kama mlango wa chumba kisichotumika, na hakuwa na haja ya kwenda kuusukuma.

Halafu dripu zikaongeza ganzi nyingine, hii ya vidole. Wiki moja kabla ya karatasi ile, alikuwa akipiga pindo la kitambaa cha rangi ya maziwa akaona doa jekundu, na likafuata la pili. Alidhani kitambaa kimechafuka dukani. Alipogeuza mkono ndipo akakuta sindano imesimama kwenye ncha ya kidole, na yeye hana habari. Siku hiyo hiyo Baridi alifunika cherehani kwa shuka na kuondoka na kopo lote la sindano, akalifungia kwenye sanduku la vifaa vyake.

Waliporudi kutoka hospitali na ile sifuri nukta nne, Baridi alikata kipande cha boksi, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika: MGONJWA HAPOKEI WAGENI. SALAMU ZIMEFIKA. Akakibandika mlangoni.

Jirani wa upande wa pili, mama mmoja asiyepitwa na jambo, alisimama na bakuli lake la supu akakisoma mara mbili.

"Zimefika kabla hatujazitoa?" aliuliza.

"Daktari amekataza, mama," alisema Baridi kutoka dirishani.

"Kumwona mgonjwa kumekatazwa tangu lini? Au tunanuka?"

"Wewe hunuki. Una mjukuu mwenye makamasi, jana nimemwona."

Yule mama aliiacha supu kizingitini na kuondoka shingo upande. Baridi aliichemsha upya kwa dakika ishirini mpaka ikawa uji, kisha akamletea mkewe. Siku ile walirudishwa watu sita. Mpaka jioni ilikuwa imeshasemwa mtaani kwamba Mama Pazia anaringa, kwamba kafa tayari na mume anaficha, na kwamba ugonjwa wenyewe si ule unaotajwa.

Mama Pazia aliyasikia yote kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba. Alijaribu kuona kama yanamuuma. Hayakumuuma. Akageukia upande wa pili wa kitanda.

Kesho yake, saa nane mchana, alifika kaka yake.

Baba yao alipofariki, Mama Pazia alikuwa na miaka saba na kaka huyu kumi na tisa. Kaka aliacha chuo mwaka mzima akabeba matofali ili wadogo wale. Baadaye alirudi, akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na sasa alikuwa mstaafu mwenye mvi na viatu vinavyong'aa hata mahali pa vumbi. Alikuwa amesafiri tangu usiku na begi moja. Alisimama mbele ya lile boksi, akalisoma kama anasahihisha insha, akabisha hodi. Halafu akakohoa.

Baridi alifungua mlango kiasi cha kutoa uso tu.

"Karibu, shemeji. Pole na safari. Hicho kikohozi ni cha lini?"

"Kikohozi gani? Hiki?" Kaka akakohoa tena, kikavu, mara tatu. "Hiki ni cha vidonge vya presha. Mwezi wa tatu sasa."

"Kila anayekohoa ana maelezo yake, shemeji."

"Unaniambia mimi mwongo?"

"Nakuambia mke wangu hana kinga hata ya kumzuia nzi. Kuna nyumba ya wageni pale kona, safi, nitakulipia. Chembe zake zikipanda utamwona."

"Nimemlea yule," Kaka alisema taratibu. "Nilikuwa nampulizia uji upoe. Leo nikalale nyumba ya wageni?"

"Utanisamehe, shemeji," alisema Baridi, na akafunga mlango. Akalikaza komeo, akalijaribu tena kama limeshika. Mama Pazia alimwona kutoka kitandani, kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Kaka hakwenda popote. Alizunguka nyumba, akapata kreti tupu la soda, akaligeuza na kukaa chini ya dirisha la chumba cha dada yake. Kupitia wavu wa mbu walisalimiana.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuwaje?"

"Nipo."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi mahali. Mdomo una vidonda kidogo. Nimechoka tu."

Kaka akamweleza habari za nyumbani: mkewe, magoti ya mkewe, mti ulioangukia choo cha shule. Alikuwa msimuliaji mzuri tangu zamani, na mahali pa kucheka Mama Pazia alijua kwamba ni pa kucheka. Kila baada ya maneno machache Kaka alikohoa, akigeuza uso pembeni na kufunika kwa leso.

Saa tisa Baridi alipigiwa simu na mwenye bucha. Friji lilikuwa limezima na nyama ya nusu ng'ombe ilikuwa ndani. Alichungulia chumbani, akampima mkewe joto, thelathini na sita nukta tisa, akamwambia asifungue mlango, akachukua sanduku lake na kuondoka.

Jua lilikuwa limehamia upande wa dirisha. Kaka alivua koti, kisha akauliza, "Naweza kupata maji ya kunywa?"

Glasi haipiti kwenye wavu wa mbu. Mama Pazia angeweza kumwambia aombe kwa jirani, lakini hilo lingetaka maelezo, na kila neno siku hizo alilitoa kama anachota maji kwa kijiko. Aliinuka, akaenda mlangoni, akafungua komeo. Baadaye aliulizwa sana na mumewe kwa nini alifungua, kama ni mapenzi kwa kaka, au hasira, au kuchoshwa na maisha. Ilikuwa rahisi kufungua kuliko kutofungua, basi.

Kaka aliosha mikono bila kuambiwa, akafunga leso usoni kama mtu wa mashine ya kusaga, akakaa kiti cha mbali. Alikunywa maji. Alimtazama dada yake, kichwa kisicho na unywele, nyusi zilizobaki nywele tatu nne. Machozi yakamtoka na kuloanisha leso. Mama Pazia alimwangalia mtu mzima huyu akilia, akatafuta ndani yake kitu cha kumpa. Alikuta hamna.

"Usilie, Kaka," alisema, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Baridi aliporudi, akinuka gesi na nyama, aliwakuta hivyo. Hakupaza sauti. Aliweka sanduku chini, akafungua madirisha yote, akamwonyesha shemeji yake mlango kwa kiganja kilichofunguka. Kaka alichukua koti na begi.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema kizingitini. Usiku ule alilala nyumba ya wageni ya kona, na alfajiri akaanza safari ya kurudi kwake.

Asubuhi hiyo Mama Pazia alisikia baridi miguuni. Baridi alikuwa uani akichemsha maji. Mama Pazia alichukua kipimajoto mwenyewe akakibana kwapani. Kilisoma thelathini na saba nukta sita. Akangoja kidogo akapima tena. Thelathini na nane nukta tatu.

Alikishika mbele ya macho. Alijua namba hiyo ina maana gani, alijua saa moja aliyopewa imeshaanza kuhesabika, na pakiti ya vidonge vya kutuliza ilikuwa katika mkono wake wa kulia. Angemeza kimoja, joto lingeshuka, mume angeandika thelathini na saba kwenye kijitabu, na watu wote wangepumzika. Alilala akifikiri hivyo, si kwa hofu, kama mtu anayeamua avae kanga ipi. Alimsikia mumewe akiimba wimbo usio na maneno huku akisugua kikombe cha mkewe kwa mara ya tatu.

"Imefika thelathini na nane nukta tatu," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema mkate umekwisha.

Kikombe kilianguka. Baridi aliingia na povu mpaka viwikoni.

Walifika hospitali kwenye gari la mwenye bucha, wakiwa wamekaa katikati ya ndoo mbili za mifupa. Pale mlangoni karani alitaka kuwapanga kwenye benchi na watu wenye mafua. Baridi alimwekea ile kadi mbele ya pua. Hawakukaa. Mama Pazia alitolewa damu mikono yote miwili, akatundikiwa antibayotiki kabla hajaulizwa jina la mume, na akawekwa chumba cha peke yake chenye dirisha lisilo na pazia. Alikisia lingekula mita tano. Halafu akaanza kutetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta.

Siku mbili zile hakuzikumbuka vizuri. Alikumbuka presha yake ikitajwa, watu wakitembea haraka, muuguzi mnene akimwita jina lake la kwao lililoandikwa kwenye faili, jina ambalo lilimchukua muda kulitambua. Hakuogopa kufa. Hilo ndilo lililomshangaza kidogo, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni na kukuta pochi haipo.

Baridi, huko koridoni, aliogopa kwa niaba ya wote wawili. Na hofu ilipomzidi aliigeuza kuwa hasira, akampigia shemeji yake simu.

"Umefurahi?" alimwambia. "Ulitaka kumwona, ukamwona. Akifa, ujue kikohozi chako ndicho kilichomuua."

Simu ikakatwa taratibu upande wa pili.

Siku ya tatu homa ilishuka. Daktari alikuja na majibu ya damu iliyooteshwa maabara. Alikuwa kijana, mwenye barakoa iliyomchubua masikio kwa kuvaliwa sana.

"Tumempata mdudu," alisema. "Ni wa tumboni. Anaishi kwenye utumbo wa kila mtu, wako, wangu, hana neno. Ila chembe zikiisha na njia ya chakula ikiwa na vidonda, anapenya anaingia kwenye damu. Dawa mliyopewa inamweza."

"Kwa hiyo hakutoka kwa mtu?" aliuliza Baridi.

"Mtu gani?"

"Mgeni. Alikuwa na kikohozi."

"Mgeni mwenye kikohozi ni wa kuepukwa, hilo halibadiliki. Lakini huyu si wa kikohozi. Huyu alikuwa naye mwenyewe."

Daktari alitoka. Baridi alikaa, akafungua kijitabu chake, akakifunga.

"Nitampigia," alisema.

"Haya," alisema Mama Pazia.

Hakumpigia. Siku hiyo alisema betri imeisha, kesho yake alisema mtandao. Mama Pazia alichomwa sindano za tumboni za kuamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe mpya, na mifupa ya kiuno na mapaja ikamuuma kama inapasuliwa kuni kwa ndani. Namba zilipanda: sifuri nukta tisa, moja nukta sita, mbili nukta nane. Muuguzi alizisoma kwa furaha. "Sawa," alisema mgonjwa. Dripu ya tatu iliahirishwa wiki moja, na daktari akapunguza kipimo kidogo.

Alikuwa nyumbani siku ya nne tangu aruhusiwe aliposikia simu ikilia. Aliyepiga alikuwa wifi yake, mke wa Kaka.

"Wifi, nashukuru Mungu kusikia sauti yako," alisema. "Nisikilize. Kaka yako amenyamaza toka arudi. Hali chakula. Na vidonge vya presha ameacha. Anasema ndivyo vilivyomtia kikohozi kikakuletea wewe mauti, na hatavimeza tena. Jana zahanati wamempima presha ni mia mbili na kumi. Ataanguka huyu. Nimesema mpaka nimechoka."

Mama Pazia alikaa kitandani. Kwa mwezi mzima kila jambo lilikuwa limempitia kama gari la barabara nyingine. Hili nalo halikumtia uchungu, hakuweza kusema hivyo. Lakini aliliona wazi, jinsi alivyokuwa akiona dirisha na kujua upana wake: kuna mtu anakwenda kufa kwa jambo ambalo halikutokea, na anayejua ni yeye.

"Mpe simu," alisema.

Ilichukua muda. Akasikia pumzi.

"Kaka, shikamoo. Wadudu hawakuwa wako. Walikuwa wa tumboni mwangu mwenyewe. Damu imepimwa, daktari amesema mbele ya mume wangu."

"Usinifariji, mdogo wangu."

"Sikufariji. Sina nguvu za kumfariji mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa humu ndani. Hata usingekuja ningeugua."

Kaka akasema, "Mumeo alisema..."

"Alisema akiwa na hofu. Kameze vidonge vyako. Halafu nenda kwa daktari umwambie vinakukohoza, wanavyo vingine visivyokohoza, nimemuuliza muuguzi." Hakuwa amemuuliza, angemuuliza kesho. "Kameze sasa. Nasubiri kwenye simu."

Alisubiri. Alisikia kabati, kikombe, mtu akimeza. Baridi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa ameyasikia yote. Mkewe akamnyooshea simu. Aliishika kama waya usio na plastiki.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi. Nilikosea. Nilikuwa na majibu siku zote hizi, mdomo ukawa mzito." Kwa muda mrefu alikuwa akisikiliza tu, akiitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Ndiyo, shemeji. Una haki. Hata hilo una haki."

Muuguzi alithibitisha habari ya vidonge: vipo vya aina nyingine. Kaka alibadilishiwa, na wiki tatu baadaye kikohozi kilikuwa kimekwisha. Dripu ya tatu ilipopita alikuja, safari hii kwa kuitwa. Alisimama mlangoni akajipima joto mwenyewe mbele ya Baridi, akamwonyesha, na Baridi akaandika kwenye kijitabu bila kucheka.

Chembe zilishuka tena, kama walivyoambiwa, ila kwa zile sindano zilikomea sifuri nukta nane, na homa haikuja. Ganzi ya vidole daktari alisema huenda ikapungua, huenda isiishe yote. Ile nyingine, ya ndani, hakuna aliyeiulizia, na Mama Pazia hakuitaja.

Mchana mmoja aliamka usingizini akasikia wanaume wawili jikoni.

"Kibao hiki umekiosha?" ilikuwa sauti ya Baridi.

"Nimekiosha."

"Kwa sabuni?"

"Mimi nimefundisha usafi miaka thelathini na moja, shemeji."

"Ulifundisha. Mimi nauliza kibao."

"Kwa sabuni na maji ya moto. Nikuandikie barua?"

"Si lazima. Nipe nikioshe tena."

Sufuria ikafunuliwa, mvuke wa vitunguu ukaingia mpaka chumbani. Mama Pazia alilala akiwasikiliza wakizozana kuhusu chumvi. Tumbo lake likanguruma. Alilisikiliza nalo, hana hakika. Akangoja, likanguruma tena.

"Nina njaa," aliita.

Akasikia bomba la jikoni likifunguliwa, na watu wawili wakinawa mikono.